Kofia ya manyoya ya walinzi wa Mfalme: dubu ni wa kweli, ila kazi yake ni urefu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume anasoma Reading, Uingereza. Likizo iliyopita mwanangu Idrisa, mwenye miaka tisa, alikwenda kumtembelea, akapelekwa London kuona walinzi wa Buckingham Palace. Wakanitumia picha ya askari wa koti jekundu na likofia kubwa jeusi la manyoya. Tangu siku hiyo nyumbani ni ubishi. Idrisa anasema ni ngozi ya dubu wa kweli. Baba yake anasema zama hizi haiwezekani, hiyo ni nailoni. Mimi nataka kujua kilichomfanya mtu abebe mzigo ule kichwani wakati wa joto, na mambo hayo yalianzia wapi. Halafu kuna ubishi wa pili: kile kiunyoya chekundu pembeni mwa kofia. Kwenye picha nakiona kushoto, Idrisa naye anasema kushoto, lakini mjomba wake anashikilia kuwa ni kulia. — Mama Idrisa, Tanga

Jibu: Marahaba, Mama Idrisa. Ubishi wa kwanza Idrisa ameshinda. Ile ni ngozi ya dubu, dubu mweusi wa Kanada, na kofia moja hula ngozi ya mnyama mmoja. Ubishi wa pili nitauacha mpaka mwisho, kwa kuwa wote watatu mna sababu ya kusema mnachosema.

Mimi kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutunza na kukarabati mavazi ya zamani ya kijeshi. Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, na tarabushi yake ndiyo kofia ya kwanza kuishika nikaambiwa niishike vizuri. Baadaye kofia za dubu nazo zilipita mikononi mwangu, na naweza kukueleza jambo ambalo picha haionyeshi: ndani ya kofia ile hamna kitu. Mtu akiitazama kwa mbali hudhani ni mto uliojazwa pamba. Ukiigeuza unakuta tenga. Ni fito zilizosukwa kama susu au kama kiti cha henzerani, juu yake ngozi imevutwa na kushonwa, na chini kuna ukanda wa ngozi laini unaokaa kwenye paji la uso. Kwa hiyo, ingawa ina urefu wa karibu sentimita 46, uzito wake ni kama robo tatu ya kilo ikiwa kavu. Ndoo ya maji wanayobeba kina mama wa kwetu ni nzito mara ishirini na zaidi. Ikinyeshewa, hapo ndipo mwenye nayo anapoanza kuuona mzigo.

Sasa tuje kwenye chanzo chake. Neno letu guruneti lina ndugu yake katika jina la kikosi kimoja cha walinzi hao, Grenadier Guards. Katika karne ya 17 majeshi ya Ulaya yalikuwa na askari maalumu wa kurusha mabomu ya mkono, walioitwa magrenadia. Walichaguliwa wanaume warefu, wenye mabega, maana bomu la siku zile lilikuwa tufe la chuma lenye baruti na utambi, na asiyelifikisha mbali lilimrudia yeye na wenzake. Askari wa kawaida alivaa kofia ya ukingo mpana. Hebu fikiria mtu ana bunduki, anataka kuitupia mgongoni kwa mkanda wake ili mikono yote miwili iwe huru, awashe utambi, arushe. Ukingo wa kofia unamkwaza kila anapoinua mkono. Wakauondoa ukingo, wakavaa kofia nyembamba ya kitambaa iliyochongoka juu, inayofanana na ile ya askofu.

Hapo likagundulika jambo ambalo naamini ndilo kiini cha habari yote. Kofia iliyochongoka ilimfanya mtu mrefu azidi kuwa mrefu. Safu ya wanaume kama hao ikitokeza kwenye moshi wa baruti, adui aliyesimama hatua mia moja aliona majitu yanakuja. Vita vya wakati ule vilipiganwa kwa kutazamana, na upande uliovunjika moyo kwanza ndio uliokimbia. Kwa hiyo urefu ulikuwa silaha. Manyoya yaliingia kwa njia hiyohiyo: yanainua, yanapanua, yanatisha, na yanapigwa na upepo yakionekana kama kitu chenye uhai. Mwaka 1768 amri ya mavazi ya jeshi la Uingereza, enzi ya Mfalme George III, iliweka kofia ya manyoya meusi ya dubu kuwa vazi la makampuni ya magrenadia, yaani vikosi vidogo ndani ya rejimenti. Wafaransa nao walikuwa na zao, hata kabla.

Nimeitaja tarehe hiyo makusudi. Watu wengi, pamoja na baadhi ya wanaowatembeza watalii, husimulia kwamba Waingereza waliziokota kofia hizi vichwani mwa maiti za Wafaransa pale Waterloo, Ubelgiji, kwenye vita vilivyomshinda Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Sivyo. Zilikuwa vichwani mwao tayari, ila kwa baadhi yao tu. Kilichotokea Waterloo ni hiki. Tarehe 18 Juni 1815, jioni, Napoleon alipeleka kikosi chake cha mwisho na cha fahari, Imperial Guard. Rejimenti iliyoitwa First Foot Guards ilikuwa imelala chini nyuma ya mgongo wa kilima. Wafaransa walipokaribia, ikasimama ghafla na kufyatua kwa pamoja. Imperial Guard wakarudi nyuma, jambo ambalo watu hawakuwahi kuliona. Waingereza waliamini wamewavunja magrenadia wa Napoleon wenye kofia za dubu. Wanahistoria wa baadaye walipochunguza waliona kuwa wengi wa waliokutana nao walikuwa kundi lingine la walinzi walewale, waitwao Chasseurs, lakini heshima ilishatolewa. Mwezi uliofuata rejimenti ikapewa jina la Grenadier Guards, na rejimenti nzima, si kampuni moja tu, ikavaa kofia ya dubu. Mwaka 1831 rejimenti mbili wenzao, Coldstream na ile ambayo leo ni Scots Guards, nazo zikaruhusiwa. Irish Guards walioundwa mwaka 1900 na Welsh Guards walioundwa mwaka 1915 walizaliwa wakaikuta.

Tena hawakuiweka kwa ajili ya magwaride peke yake. Katika vita vya Crimea dhidi ya Warusi, mwaka 1854, walinzi walipanda mwinuko wa Alma na kupigana kwenye ukungu wa Inkerman wakiwa nazo kichwani. Bunduki zilipoanza kupiga mbali na kwa shabaha, urefu ule uliokuwa silaha ukawa alama ya kulengwa, na kofia ikabaki kwa kazi ya heshima.

Umeuliza kuhusu joto, na hapa ningependa nikae kidogo, kwa sababu ni jambo la afya za vijana. Ni kweli askari huzirai. Juni 2023, kwenye mazoezi ya Trooping the Colour, gwaride la kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Mfalme, pale uwanja wa Horse Guards Parade, hali ya joto ilifika nyuzi 30 na walinzi kadhaa walianguka mbele ya Prince William. Wewe wa Tanga utasema nyuzi 30 ni asubuhi ya kawaida. Lakini mtu wa Tanga akiona jua limekaza huhamia kwenye kivuli cha mwembe. Askari yule amevaa koti zito la sufu lililofungwa mpaka shingoni, na amri yake ni kutotikisika. Kofia ina sehemu yake katika kosa, maana nyeusi hunywa jua, ingawa lile tenga la ndani huacha nafasi ya hewa kati ya utosi na ngozi. Mkosaji mkubwa zaidi ni kule kusimama. Damu hushuka miguuni na kutuama, kwa kuwa misuli ya miguu, inayosaidia kuisukuma irudi juu, haifanyi kazi. Ubongo ukipungukiwa, mtu anakwenda chini. Ndiyo maana wanafundishwa kula na kunywa maji kabla ya lindo, na kuchezesha vidole vya miguu ndani ya buti bila kuonekana. Mlinzi wa kawaida wa jumba hukaa zamu ya saa mbili, kisha hupumzika, na katikati ya zamu anaruhusiwa kutembea hatua kadhaa kwenda na kurudi. Wale ni askari kamili, wenye mafunzo ya vita, na bunduki waliyoshika ni ileile ya jeshi. Mtoto asidhani ni sanamu ya kuchezewa. Nimeumia mara nyingi kuona picha za watu wakimpigia kelele usoni kijana wa miaka ishirini aliye kazini.

Jambo dogo la kumwonyesha Idrisa kwenye picha: mnyororo wa shaba ya njano haupiti chini ya kidevu kama kamba ya kofia ya pikipiki. Unakaa chini ya mdomo wa chini.

Sasa nizungumze na baba Idrisa, maana shaka yake ina msingi. Zama hizi nguo za manyoya zimekataliwa na wengi, hata ndani ya Ikulu yenyewe: mwaka 2024 ilijulikana kuwa Malkia Camilla hatanunua tena vazi jipya la manyoya. Kwa kofia za walinzi uamuzi ni wa Wizara ya Ulinzi, na wizara haijabadili. Hoja yake ni kwamba dubu hao huwindwa Kanada kwa vibali vya serikali za huko, kwamba hakuna dubu anayeuawa kwa oda ya jeshi la Uingereza, na kwamba ngozi hununuliwa sokoni zikiwa zimeshapatikana. Dubu mweusi wa Amerika hayumo hatarini kutoweka. Biashara ya viungo vyake hata hivyo inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, katika Kiambatisho cha Pili, kwa kuwa kiungo kilichotolewa mwilini ni vigumu kukitofautisha na cha dubu wa aina zilizo hatarini. Watetezi wa wanyama, wakiongozwa na shirika la PETA, wanajibu kwamba mnunuzi ni mnunuzi: ngozi ikiwa na bei, kuna atakayeitafuta. Wanaongeza kuwa uwindaji wenyewe katika baadhi ya majimbo huruhusu mishale, na dubu aliyejeruhiwa hafi papo hapo.

Mwaka 2022 ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya laki moja lilifikishwa bungeni London na kujadiliwa. Kampuni ya Ecopel ilikuwa imetengeneza manyoya bandia mahususi kwa kofia hii na kuahidi kuyatoa bure mpaka mwaka 2030. Wizara ikasema imeyapima kwa vigezo vitano, miongoni mwake jinsi yanavyonywa maji, yanavyoyapitisha, yanavyokauka na yanavyorudi baada ya kubanwa, na kwamba yamefaulu kigezo kimoja tu. PETA na watengenezaji wakapinga, wakisema vipimo walivyofanyiwa wao vinaonyesha kinyume. Wakati huohuo bei ya kofia halisi imepanda: mwaka 2023 moja iliigharimu wizara zaidi ya pauni 2,000.

Utaniuliza mimi nasimama wapi. Nasimama upande wa fundi, na fundi huanza kwa kuuliza kitu kinafanya kazi gani. Nimeshakueleza kuwa kazi ya kofia hii tangu mwanzo ilikuwa urefu na umbo. Dubu aliitwa kwa sababu karne ya 18 haikuwa na kitu kingine chenye manyoya marefu, meusi, yanayosimama na kumwaga mvua. Leo kuna vitu vingi. Sioni heshima ya mlinzi inapungua kwa kuwa manyoya yametoka kiwandani. Wapiga ngoma kubwa wa bendi za kijeshi za huko walizoea kujifunga ngozi ya chui kifuani. Siku hizi nyingi ni za bandia, ngoma inasikika vilevile, na chui, ambaye ni mnyama wetu, amesalimika.

Lakini siungi mkono wanaotaka kofia zilizopo zitupwe au zichomwe. Hilo linaniuma zaidi kuliko kuzinunua. Kofia ya dubu iliyotunzwa inaishi miongo mingi. Hurithishwa: askari akiondoka hurudishwa stoo, hupewa anayeingia, na tenga lake hufumuliwa na kusukwa upya bila ngozi kuguswa. Mnyama alishakufa. Kumheshimu ni kuhakikisha ngozi yake inatumika mpaka mwisho wa uwezo wake. Ningekuwa na sauti pale, ningesema ununuzi wa mpya usimame leo, zilizopo zivaliwe mpaka zichakae zenyewe, na nafasi ya kila inayochakaa ijazwe na ya bandia iliyopimwa hadharani, mbele ya wanaopinga na wanaounga mkono. Kwa idadi ya kofia zinazonunuliwa kila mwaka, ambazo ni makumi tu, hilo si gumu.

Na kuitunza si uchawi. Ikilowa, hukung'utwa, hukaushwa taratibu mbali na moto, kisha huchanwa kwa kitana kufuata mlalo wa manyoya. Anayeikausha kwa hita ngozi inakauka na kukatika kama karatasi. Nimeletewa moja ya namna hiyo, utosi wote umepasuka, na hakukuwa na la kufanya. Utasikia pia kwamba manyoya huendelea kuota kichwani mwa askari na ndiyo maana hupunguzwa kwa mkasi. Ngozi iliyokwisha lainishwa kwa dawa haioti kitu. Kinachokatwa ni nywele zilizojitokeza baada ya kuchanwa, ili umbo lirudi.

Jambo moja kabla sijafika kwenye picha yako. Si kila kofia nyeusi ya manyoya kwenye magwaride yale ni dubu. Wapanda farasi wa King's Troop wanaovuta mizinga huvaa fupi zaidi, iitwayo busby. Wapiga zumari wa Scots Guards nao huvaa kubwa na nyeusi inayofanana kabisa kwa mbali, lakini hiyo ni manyoya ya mbuni. Na si kila mlinzi aliye zamu huivaa: Desemba 2012 askari wa Scots Guards wa dini ya Kisikh alisimama lindo Buckingham Palace akiwa na kilemba chake, na mwaka 2018 mwingine wa Coldstream alipita kwenye Trooping the Colour vivyo hivyo. Sisi tuliokua na majirani wanaofunga vilemba Tanga, Mombasa na Nairobi hatukushangaa. Kule iliandikwa kwenye magazeti yote.

Haya, kishungi, yaani kile kiunyoya cha pembeni. Wanajeshi huhesabu kulia na kushoto kwa mwili wa aliyevaa. Askari anayekutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Kwa hiyo wewe na Idrisa mmeona sawasawa, na mjomba amesema kama anavyosema askari. Kishungi chekundu upande wa kulia ni cha Coldstream Guards. Grenadier Guards wana cheupe kushoto. Scots Guards hawana kabisa, na sababu inayotolewa ni safu ya vita: Grenadier walisimama mwisho wa kulia, Coldstream mwisho wa kushoto, na Scots katikati, hivyo hawakuhitaji alama. Irish wana cha buluu kulia, Welsh wana cheupe chenye mstari wa kijani, kushoto.

Hao Coldstream kule kushoto wana kisa chao. Kikosi chao kilianzishwa mwaka 1650 na George Monck, ndani ya jeshi lililokuwa limemwondoa mfalme, na jina ni la mji mdogo mpakani mwa Scotland, walikotoka mwaka 1660 kuandamana hadi London. Baada ya ufalme kurudi, Grenadier, walioanzishwa mwaka 1656 na mfalme akiwa uhamishoni, wakahesabiwa wa kwanza kwa kuwa walimtumikia mfalme mapema zaidi. Coldstream hawakukubali kuitwa wa pili. Kaulimbiu yao kwa Kilatini inasema hawako chini ya yeyote.

Picha uliyotuma ni ndogo na rangi imefifia kidogo, kwa hiyo Idrisa afanye kazi moja. Aombe picha yenyewe kwenye simu ya mjomba, aikuze kifuani mwa koti, ahesabu vifungo. Grenadier hupanga kimoja kimoja kwa nafasi sawa, Coldstream viwili viwili, Scots vitatu vitatu, Irish vinne vinne, Welsh vitano vitano. Akivikuta viwili viwili, jicho lake na langu yamekubaliana. Akivikuta vinne vinne, basi simu imegeuza buluu ikawa nyekundu, na aliyesimama pale ni wa Irish Guards. Kwenye kola atamwona na jani la majani matatu. Aniandikie mwenyewe, kwa mkono wake, aniambie amehesabu vingapi.